Megahezi 150 za Bure

Tarehe 24 Agosti 1998 Intel iliingiza sokoni prosesa mbili siku moja. Pentium II ya megahezi 450 ilitangazwa kwa dola 669 kwa wanunuzi wa jumla. Celeron 300A, ya megahezi 300, ilitangazwa kwa dola 149. Moja ilikuwa ya mwenye nazo. Nyingine ilikuwa ya mwanafunzi, au ya mzazi aliyetaka kompyuta ya kuandikia barua nyumbani. Haukupita muda watu wakagundua kwamba ile ya dola 149, ikichomekwa kwenye mazabodi inayofaa na kubadilishiwa mpangilio mmoja tu, inakwenda megahezi 450 kutwa kucha bila kutetereka, na katika michezo mingi inatoshana na ile ya dola 669.

Kabla ya kueleza ilivyowezekana, turudi nyuma kidogo. Kila prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Kipande cha kristali kwenye mazabodi hutetemeka kwa kasi isiyobadilika, na kila pigo huziamuru mamilioni ya transista zipige hatua moja, kama wachezaji wanaofuata ngoma: pigo jipya likiingia kabla mguu haujatua, mchezo unaharibika. Kiwandani kila chipu hupimwa, kisha hupewa namba ambayo mtengenezaji yuko tayari kuidhamini. Kati ya namba hiyo na ukomo halisi wa silikoni huwa kuna nafasi. Ovakloki ni kuitumia nafasi hiyo, na historia yake, kwa jinsi ninavyoielewa, ni ugomvi wa miaka arobaini juu ya nafasi hiyo ni mali ya nani: aliyeitengeneza chipu au aliyeinunua.

Ugomvi wenyewe ulianza mapema. IBM PC ya Agosti 1981 ilitumia Intel 8088 iliyokwenda megahezi 4.77. Namba hiyo ya ajabu ilitokana na kubana matumizi: wahandisi walitumia kristali moja ya megahezi 14.318, ambayo ni mara nne ya masafa ya rangi kwenye televisheni za Marekani, wakaigawa kwa tatu ili kuipatia prosesa mapigo yake. Chipu yenyewe iliruhusiwa kufika megahezi 5. Haikuwa na feni juu yake wala bamba la kupoozea. Joto lake lilikuwa dogo kiasi cha kupotea lenyewe hewani.

Mwaka 1984 ikaja IBM PC AT, yenye prosesa ya 80286 ya megahezi 6. Mapigo yake yalitoka kwenye kristali ya megahezi 12 ambayo mzunguko wa mazabodi uliigawa kwa mbili, na kristali hiyo ilichomekwa kwenye soketi badala ya kulehemiwa. Watu walifungua kasha, wakaing'oa ile ya 12, wakachomeka ya 16, wakawasha. Mashine ikawa ya megahezi 8, theluthi moja zaidi ya kasi waliyoilipia, kwa gharama ya kipuli kidogo cha bati. Wengine wakajaribu ya 18 wakapata 9. IBM ikajibu kwa bayosi mpya, yaani programu ya kuwashia mashine, iliyoipima kasi mashine inapowaka na kukataa kuendelea ikikuta imezidi. Mlango wa kwanza ukafungwa hivyo, na tabia ya pande zote mbili ikawa imeshaonekana: mnunuzi anatafuta upenyo, mtengenezaji anauziba.

Joto nalo likaanza kudai haki yake. Prosesa ya 486DX2 ya mwaka 1992 iliyazidisha mapigo mara mbili ndani ya chipu yenyewe na kufika megahezi 66, na ni katika kizazi hicho mabamba ya alumini yenye mapezi na feni ndogo yalipoanza kuwa kitu cha kawaida ndani ya kompyuta za nyumbani. Pentium za kwanza, za mwaka 1993, zilitumia volti 5 na kula wati 15 hivi. Leo wati 15 ni za kompyuta ndogo ya mapajani, lakini wakati ule watu walishangaa kuona prosesa isiyoshikika kwa kidole. Kanuni inayotawala jambo hili ni fupi na anayetaka kuanza ovakloki aijue kabla ya kugusa chochote: umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na mapigo, lakini volti ikipanda, umeme hupanda kwa kipeo cha pili cha volti hiyo. Ukiongeza mapigo kwa asilimia 10 peke yake, joto linaongezeka kwa asilimia 10. Ukiongeza na volti kwa asilimia 10, joto linaruka kwa theluthi nzima. Watu wengi huogopa mapigo ilhali volti ndiyo ya kuogopwa.

Katikati ya miaka ya 1990 wakaingia matapeli. Walinunua Pentium za kasi ndogo, wakasugua maandishi ya juu, wakachapa namba kubwa zaidi, wakaziuza kwa bei ya namba hiyo. Mapigo ya prosesa za wakati ule yalipatikana kwa kuzidisha vitu viwili: kasi ya njia kuu ya data inayoiunganisha prosesa na mazabodi, na namba iitwayo kizidishi. Intel ikaamua kukifunga kizidishi kiwandani. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwalinda wateja dhidi ya matapeli, na ilikuwa ya kweli. Lakini kufuli hiyo iliwafungia nje pia watu waaminifu waliotaka kuchezea chipu zao wenyewe. Walibakiwa na mlango mmoja, ule wa njia kuu ya data.

Mlango huo ndio uliopitiwa mwaka 1998. Celeron ya kwanza kabisa, iliyotoka Aprili mwaka huo, haikuwa na kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka) ya ngazi ya pili hata kidogo, na wakaguzi wa kompyuta waliikosoa vikali kwa uzito wake. Intel ikarekebisha kwa kuiwekea 300A kilobaiti 128 za kashe ndani ya silikoni ile ile. Pentium II ilikuwa na kilobaiti 512, lakini zilikaa kwenye chipu za pembeni na zilikwenda nusu ya kasi ya prosesa. Kashe ya Celeron ilikuwa ndogo ila ilikwenda sawa na prosesa yenyewe. Isitoshe, chipu zote mbili zilichongwa kwa teknolojia ile ile ya maikroni 0.25, na viwanda vilikuwa vimeshaimudu vizuri mno. Soko lilitaka chipu nyingi za bei nafuu kuliko chipu mbovu zilizokuwepo. Basi silikoni nzuri ikauzwa kwa jina la silikoni ya wastani.

Tuangalie hesabu yake. Kizidishi cha 300A kilifungwa kwenye 4.5, na njia kuu ya data ilikuwa megahezi 66. Zidisha, unapata 300 hivi. Mwaka ule ule Intel ilikuwa imetoa chipu ya mazabodi iitwayo 440BX, iliyoruhusu njia kuu ya megahezi 100 kwa ajili ya Pentium II mpya. Mia moja mara 4.5 ni 450.

Kilichonivutia zaidi katika kisa hiki ni kwamba mruko mkubwa ulikuwa salama kuliko mruko mdogo. Kadi za sauti, za mtandao na diski ngumu zilipokea mapigo yao kutoka kwenye njia kuu hiyo hiyo, yakiwa yamegawanywa ili yabaki megahezi 33. Kwenye 66 mazabodi iligawa kwa mbili. Kwenye 100 iligawa kwa tatu. Matokeo ni yale yale. Lakini mtu mwoga aliyeamua kupanda kidogo hadi 83 alibaki na mgawo wa mbili, kadi zake zikasukumwa hadi megahezi 41, na diski ikaanza kuandika takwimu zilizoharibika. Aliyepanda kwa asilimia 25 alipoteza mafaili. Aliyepanda kwa asilimia 50 alicheza gemu kwa amani.

Njia rahisi ilikuwa kununua mazabodi ya ABIT BH6, ambayo bayosi yake ilikuwa na ukurasa ulioitwa SoftMenu. Badala ya kuhamisha jampa kwa koleo, ulichagua 100 kwenye kioo, ukahifadhi, ukawasha upya. Wenye mazabodi isiyo na hiari hiyo walifanya kazi ya mikono. Celeron ya wakati ule ilikuwa kadi ya kijani iliyochomekwa wima kwenye mfereji, na ukingo wake ulikuwa na safu ya vijino vya dhahabu. Kijino cha B21 ndicho kilichoiambia mazabodi kwamba chipu hii ni ya 66. Walikata uzi mwembamba wa selotepu usiozidi upana wa kijino hicho, wakaubandika juu yake kwa ncha ya kibano bila kugusa majirani zake, au wakakipaka rangi ya kucha, wakarudisha kadi mahali pake. Mazabodi, ikiwa imenyimwa ile ishara, iliamini imepewa chipu ya 100.

Baada ya hapo kilichobaki ni subira. Kama mashine ilikwama wakati Windows inafunguka, volti ilipandishwa kutoka 2.0 hadi 2.1, pengine 2.2, na feni kubwa zaidi ikafungwa. Kisha gemu nzito iliachwa izunguke kwa saa kadhaa. Baadaye watu wengi walihamia kwenye Prime95, programu ya George Woltman iliyoandikwa kutafuta namba tasa kubwa sana. Ilifaa kwa sababu inajua majibu sahihi mapema: chipu ikikosea hesabu moja kati ya mabilioni, programu inasema hapo hapo. Si kila 300A ilifika 450, lakini zilizofika zilikuwa nyingi mno kuitwa bahati. Mwaka uliofuata ABIT ilitoa BP6, mazabodi iliyochukua Celeron mbili kwa pamoja, jambo ambalo Intel haikuikusudia chipu hiyo kulifanya.

Upande wa AMD, mshindani wa Intel, ulikuwa na kisa chake, na mimi nakiona kuwa kizuri zaidi kwa mkono. Prosesa za Athlon na Duron za soketi, zilizotoka Juni 2000, zilikuwa na kizidishi kilichofungwa kwa kukata kwa leza vijidaraja vidogo vya chuma vilivyoonekana wazi juu ya chipu, kundi lililoandikwa L1. Mtu mmoja akapitisha penseli juu ya daraja lililokatika. Penseli ina grafaiti, na grafaiti hupitisha umeme. Mistari minne mifupi ya penseli laini, ikiangaliwa kwa kioo cha kukuza ili isigusane, ilifungua kufuli ya kiwanda kizima. Ukikosea unafuta kwa pamba na spiriti, unaanza tena. AMD ilipotoa Athlon XP mwaka 2001 ilichimba vishimo kati ya vijidaraja hivyo. Watu wakajaza vishimo kwa gundi, wakachora juu yake kwa rangi inayopitisha umeme.

Ila Athlon zilifundisha somo lingine. Ile ya gigahezi 1.4 ilikula wati 72, na joto lote hilo lilitoka kwenye kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, kisicho na kifuniko cha chuma. Ukifunga hitisinki, lile bamba la kupoozea, kwa kuiinamisha upande, pembe ya silikoni inameguka. Septemba 2001 jarida la mtandaoni la Tom's Hardware, lililoanzishwa na daktari Mjerumani Thomas Pabst, lilionyesha filamu fupi iliyozungumzwa sana: hitisinki iling'olewa wakati kompyuta inafanya kazi. Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea kuishi. Pentium III ilisimama. Athlon ikafuka moshi na kufa. Tangu hapo kinga ya joto ndani ya chipu ikawa jambo ambalo hakuna mtengenezaji angeweza kuliacha, na ni kwa sababu ya kinga hizo leo anayeanza hana haja ya kuogopa kuunguza prosesa kwa joto la kosa la dakika moja.

Wati zilipopanda, feni za milimita 60 zilizunguka hadi mara 7000 kwa dakika na kupiga kelele isiyovumilika chumbani. Watu wakageukia maji. Hawakuwa wa kwanza: IBM ilipooza kompyuta zake kubwa kwa maji tangu miaka ya 1960, Cray-1 ya mwaka 1976 ilipoozwa kwa gesi ya friji, na Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa nzima ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme. Jipya lilikuwa kulifanya jambo hilo gerejini. Kwa rejeta walitumia ile ndogo ya hita ya gari. Ya Pontiac Bonneville ya mwaka 1977 ilisifika hasa kwa sababu ukubwa wake ulienea feni za kompyuta. Pampu ilitoka kwenye matangi ya samaki. Kipande cha kukaa juu ya prosesa kilichongwa kutoka kwenye shaba nyekundu kwa mashine ya kutobolea, mifereji ikapigwa ndani, kifuniko kikafungwa kwa skrubu na mpira wa kuziba. Waliochanganya shaba na alumini kwenye mzunguko mmoja waligundua baada ya miezi kwamba alumini inaliwa na kutu. Waliosahau dawa ya kuua mwani waliona mabomba yao yakigeuka kijani.

Maji hubeba joto zaidi ya mara 3000 ya ujazo ule ule wa hewa, ndiyo maana yanafaa. Lakini rejeta haiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba. Hewa ya Dar es Salaam au Mombasa ikiwa nyuzi 32, prosesa inaanzia hapo kupanda, na mtu wa huko akisoma kipimo kilichofanyika katika chumba cha nyuzi 21 lazima ajiongezee nyuzi 11 kabla ya kushangilia. Kwenda chini ya joto la chumba kunahitaji mtambo wa friji, au nitrojeni kimiminika inayochemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa nitrojeni Tom's Hardware waliisukuma Pentium 4 hadi gigahezi 5 Desemba 2003. Kwa heliamu, iliyo baridi zaidi, prosesa ya AMD FX ilifika gigahezi 8.429 mwaka 2011, na Core i9 ya Intel ilivuka gigahezi 9 Oktoba 2023. Rekodi hizo ni za dakika chache na hazimsaidii mtu nyumbani, ingawa juhudi zilizowekwa naziheshimu.

Turudi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambapo viwanda vyenyewe viligonga ukuta. Kwa miongo mitatu, kila transista ilipopunguzwa ukubwa, volti yake ilipungua pia, hivyo mapigo yalipanda bila joto kulipuka. Robert Dennard wa IBM aliieleza kanuni hiyo mwaka 1974. Ilipofika teknolojia ya nanomita 90 umeme ukaanza kuvuja kwenye transista hata zikiwa zimezimwa, na volti ikagoma kushuka. Pentium 4 ya mwaka 2004 ilikula zaidi ya wati 100. Oktoba mwaka huo Intel iliifuta Pentium 4 ya gigahezi 4 iliyoiahidi, na mkuu wake, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya wahudhuriaji wa mkutano kuomba radhi.

Mapigo yakiwa hayapandi kirahisi, ile nafasi ya zamani ikawa na thamani kubwa, na waliotengeneza chipu wakaitaka. Novemba 2008 Intel ilileta Turbo Boost: prosesa inajipandishia mapigo yenyewe pale joto na umeme vinaporuhusu. Januari 2011, kwa kizazi cha Sandy Bridge, njia kuu ya data iliunganishwa na kila kitu kiasi kwamba kuipandisha hata kwa asilimia 5 kulileta matatizo, na kizidishi kikaachwa wazi kwenye chipu zenye herufi K tu. Core i7-2600 ilikuwa dola 294. 2600K ilikuwa dola 317. Nafasi iliyokuwa ya bure sasa ilikuwa na bei, dola 23. Siwalaumu walionunua, kwa kuwa 2600K ilikuwa chipu bora na ilipanda kwa urahisi mkubwa. Lakini uhuru wa kuichezea mali yako ulikuwa umegeuzwa bidhaa, na hilo lilinisikitisha na bado linanisikitisha. Mwaka uliofuata, kwenye Ivy Bridge, Intel iliondoa lehemu chini ya kifuniko cha chipu ikaweka pesti ya kupitishia joto; watu wakakibandua kifuniko kwa wembe, au kwa jiliwa ya fundi seremala, ili wapake pesti yao wenyewe.

Kadiri miaka ilivyokwenda, kiwanda kikaimeza nafasi yote. Ryzen 9 7950X ya AMD, ya mwaka 2022, ilibuniwa ijisukume hadi nyuzi 95 ikiwa kazini. Core i9-14900K ya mwaka 2023 iliuzwa ikifika gigahezi 6 yenyewe. Kisha mwaka 2024 ikajulikana wazi kwamba Core i9 nyingi za vizazi vya 13 na 14 zilikuwa zikikwamisha gemu na programu mikononi mwa watu ambao hawakugusa chochote. Intel ilieleza kwamba prosesa hizo ziliomba volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa kabla ya wakati, ikatoa marekebisho ya bayosi, ikaongeza waranti kwa miaka miwili. Kosa ambalo zamani lilikuwa la kijana mwenye pupa, safari hii lilitoka kiwandani.

Ndiyo maana anayeanza leo na kompyuta ya mezani anafanya kinyume cha alichofanya mwenye Celeron, akifuata ile ile kanuni ya volti. Kwanza anasafisha vumbi, anapaka pesti mpya na kuhakikisha hitisinki imekaa sawa. Anaweka bayosi ya karibuni. Anapima joto na kasi kabla ya kubadili chochote, kwa saa moja ya kazi nzito, na kuandika namba hizo pamoja na joto la chumba. Kwenye Ryzen anafungua kipengele kiitwacho Curve Optimizer, anashusha volti hatua 10 kwa viini vyote vya prosesa, anahifadhi. Prosesa ikipata volti ndogo inakuwa baridi zaidi, na kwa kuwa inajipandishia mapigo kulingana na joto, mara nyingi inakwenda kasi zaidi ya awali. Kisha Prime95 inaachwa usiku kucha, na kompyuta inatumiwa siku kadhaa kwa kazi nyepesi pia, kwani chipu iliyonyimwa volti hupenda kukwama ikiwa imetulia, mapigo yanaporuka ghafla juu. Ikipita majaribio yote mawili, anashusha hatua nyingine tano.